Kazi ya usiku Kirotshe: sukari, tansio na saa iliyo ndani ya mwili

Mangaribi ikifika huku Kirotshe, wakati wengi wanarudi nyumbani, kuna watu ambao siku yao ya kazi njo inaanza. Kwenye ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza wanafunga pirogi zao tatu-tatu kwa miti mirefu, wanatengeneza lampi zao na kupiga kasia kuelekea kilindini. Hospitalini na kwenye vituo vya afya, wauguzi wa mchana wanawaachia wa gardi dafutari ya wagonjwa. Wazamu wanakaa mbele ya milango ya maduka na depo. Saa tisa ya usiku, mama wa mandazi anawasha makala. Saa kumi, motari anatoka kubeba wanawake wanaokwenda kungoja samaki kwenye fukwe.

Watu hawa wote tunawahitaji. Bila wao hakuna sambaza sokoni asubuhi, hakuna wa kupokea mama anayezaa saa nane ya usiku, hakuna wa kulinda mali ya mtu. Lakini tukimukuta mmoja wao anasinzia kwenye kiti saa nne ya asubuhi, tunamucheka. Tunasema ni mvivu, ao alikunywa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanaofanya kazi hii wanaliona wao wenyewe bila kulitafutia jina. Tumbo linauma na linajaa gesi. Mtu anaongezeka kiuno na hali sana. Mwingine anaenda kupima tansio juu ya kichwa kinachouma, anaambiwa iko juu. Mwingine anakuta sukari iko juu. Je, kazi ya usiku iko na sehemu gani ndani ya mambo haya? Na kama iko na sehemu, nini kinaweza kubadilishwa hapa kwetu, mahali ambapo hakuna pesa ya kupoteza?

Saa ya mwili inahesabu kama Kiswahili

Tuanze na kitu ambacho kila mutu anakijua. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Saa moja ya asubuhi ni saa moja nyuma ya mwanga kutoka. Saa moja ya usiku ni saa moja nyuma ya giza kuingia. Wazungu wanaanza siku yao katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Sisi tunaianza na jua.

Kirotshe iko karibu sana na ikweta, nyuzi zisizofika 2 upande wa kusini. Juu ya hiyo, mwaka mzima mchana ni kama saa 12 na usiku ni kama saa 12. Jua letu halibadilishi ratiba kama lile la Ulaya, ambako wakati wa baridi giza linaingia saa kumi ya mchana na wakati wa joto watu wanalala jua lingali nje. Mwili wa mutu wa hapa umezoea jua lisilodanganya.

Na mwili kweli unahesabu. Mwaka wa 1729, Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alichukua mmea wa jamii ya ule unaofunga majani ukiguswa, ule ambao watoto wetu wanacheza nao pembeni ya njia. Mmea huo unafungua majani mchana na kuyafunga usiku. Akauweka mahali pasipofika jua. Majani yaliendelea kufunguka na kufungika kwa saa zilezile. Basi, si jua peke yake linaloamuru: kuna kitu ndani kinachohesabu.

Ilichukua miaka mingi kujua kitu hicho kinatumika namna gani. Mwaka wa 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa zawadi ya Nobel ya tiba juu ya kazi hiyo. Hawakuanza na watu. Walichunguza vinzi vidogo, kama vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana, na wakaonyesha ginsi chembe za mwili zinavyotengeneza kitu fulani usiku na kukivunja mchana, kila siku, bila kuambiwa na mtu.

Kwa binadamu, saa kubwa iko ndani ya ubongo, nyuma ya macho, mahali mishipa ya macho inapokutana. Ni ndogo sana, lakini iko na chembe kama 20,000. Inapokea habari ya mwanga kutoka machoni: sasa ni mchana, sasa ni usiku. Kisha kuna saa zingine ndogo karibu kila mahali: kwenye ini, kongosho, matumbo, moyo, misuli na mafuta ya mwili.

Ili kuelewa vizuri, tuchukue mfano wa korali. Saa kubwa ya ubongo ni mwimbishaji. Ini, kongosho na matumbo ni waimbaji. Mwimbishaji anafuata mwanga. Waimbaji wanamwangalia mwimbishaji, lakini wako pia na sikio lao wenyewe: wanafuata chakula. Mtu akila mchana na kulala usiku, korali inaimba wimbo mmoja. Akila usiku na kulala mchana, mwimbishaji anapiga wimbo wake na waimbaji wanaanza wao. Hapo njo tatizo linaanzia.

Bugali ya saa nane ya usiku

Chakula kikiingia tumboni, sehemu kubwa ya bugali, ndizi, viazi na mukate inageuka sukari ndani ya damu. Kongosho inatoa homoni inayoitwa insulini, ambayo inafungulia sukari mlango wa kuingia ndani ya misuli na ini ili iwe nguvu. Insulini ikitoka kidogo, ao mwili ukiisikia vibaya, sukari inabaki ndani ya damu. Ikibaki hivyo miaka na miaka, inaharibu mishipa, figo, macho na miguu.

Sasa, kongosho haifanyi kazi sawasawa saa zote. Asubuhi na mchana iko macho. Usiku inapunguza. Giza likiingia, ubongo unatoa homoni nyingine, melatonini, ambayo inatayarisha mwili kulala, na homoni hiyo pia inazuia insulini kidogo. Kwa mtu aliyelala hakuna shida, sababu hali. Kwa mtu aliyekaa macho na kula sahani nzima ya bugali na sombe saa nane ya usiku, chakula kilekile ambacho mchana kingepita vizuri kinaacha sukari nyingi zaidi ndani ya damu, na kwa muda mrefu zaidi.

Hilo limepimwa. Mwaka wa 2009, huko Boston, Marekani, watafiti waliwaweka watu 10 wenye afya ndani ya vyumba visivyo na saa wala dirisha, wakabadilisha pole pole saa zao za kula na kulala mpaka zikageuka kabisa. Sukari ya damu ilipanda, tansio ilipanda, na homoni inayoambia mtu kwamba ameshiba ilipungua. Kati ya 8 waliomaliza vipimo vyote, 3 walifikia sukari ya mtu anayekaribia kuwa na diabeti. Ilikuwa ni kwa siku chache tu, na watu hawa waliingia wakiwa wazima.

Mwaka wa 2021, watafiti wa mji huohuo walichukua watu 19 na kuwafanyisha kama wanaofanya kazi ya usiku. Wamoja walikula mchana na usiku. Wengine walikaa macho usiku lakini walikula mchana tu. Wale waliokula usiku sukari yao ilipanda. Wale waliokula mchana tu haikupanda. Hii ni habari muhimu kwetu: sehemu moja ya madhara haitoke kwenye kukesha kwenyewe, inatoka kwenye saa ya sahani. Na saa ya sahani inaweza kubadilishwa bila franga.

Kisha kuna usingizi wenyewe. Anayelala mchana mara nyingi halali saa nyingi kama anayelala usiku, sababu mwanga, joto na kelele vinamuamsha, na saa yake ya ndani inamwambia ni wakati wa kusimama. Huko Chicago, mwaka wa 1999, watafiti walionyesha kwamba vijana 11 wenye afya, waliolala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo, mwili wao ulianza kushindwa kuondoa sukari ndani ya damu kama kawaida. Vijana wazima, kwa muda usiofika juma moja!

Kwa muda mrefu, matokeo yanaonekana kwa hesabu kubwa. Marekani kuna uchunguzi uliofuata wauguzi wanawake zaidi ya 170,000 kwa miaka kama 20. Mwaka wa 2011 matokeo yalitoka: kadiri muuguzi alivyofanya miaka mingi ya gardi za kupokezana, ndivyo hatari yake ya kupata diabeti ilipanda. Wale waliofanya miaka 20 na zaidi, hatari ilikuwa juu kwa asilimia 58 kuliko wale wasiofanya. Watafiti walipoondoa sehemu inayoletwa na kunenepa, ilibaki asilimia 24. Maana yake, kazi ya usiku inaleta sukari kwa njia mbili: inanenepesha, na hata pasipo kunenepesha inasumbua.

Mwaka wa 2007, wakala wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, ulitia pia kazi ya usiku kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa binadamu. Mwaka wa 2019 uliangalia tena na kubaki na neno lilelile. «Huenda» si sawa na «hakika», na hakuna mtu anayepaswa kuacha kazi kesho asubuhi juu ya neno hilo. Lakini si jambo la kucheka.

Mvuvi anayefuata mwezi

Kuna namna mbalimbali za kufanya kazi usiku, na mwili haulipe bei moja kwa zote. Angalia mvuvi wa sambaza.

Sambaza si samaki wa asili wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka wa 1958 na 1960. Mchana wanabaki chini, usiku wanapanda juu kufuata vidudu wanavyokula, na lampi inawakusanya. Juu ya hiyo mvuvi analazimika kufanya kazi usiku: yeye anafuata saa ya samaki. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umeenea kwenye maji yote na lampi haivute tena. Wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu, wanalala usiku kama watu wengine. Mwezi ukipungua, wanarudi majini.

Kwa hiyo ratiba ya mvuvi inaandikwa na mwezi. Majuma kama matatu ni usiku, juma moja ni mchana, kisha tena. Wataalamu wanasema saa ya mwili inaweza kusogea kama saa moja kwa siku. Kwa hesabu hiyo, kugeuza usiku kuwa mchana kunaomba zaidi ya juma moja. Mtu angesema mvuvi iko na bahati, majuma matatu yanatosha kuzoea. Lakini hazoei, juu ya jua. Kila asubuhi saa kumi na mbili anafika kwenye fukwe, jua linampiga machoni wakati wa kupakua na kuhesabu, na jua hilo linamwambia mwimbishaji wa korali: siku imeanza. Saa yake inavutwa nyuma kila siku. Anaishi katikati, hayuko wa mchana wala wa usiku.

Iko na kitu kimoja kinachomsaidia: anapiga kasia. Misuli inayofanya kazi inachoma sukari hata bila insulini nyingi. Mzamu anayekaa kwenye kiti saa 12 hana bahati hiyo.

Muuguzi, mzamu na jembe linalongoja

Muuguzi yeye anafuata ratiba iliyobandikwa ukutani. Mahali pengi ekipi zinapokezana: asubuhi, mchana, usiku. Shida kubwa iko pale ratiba inaporuka bila mpango: leo usiku, kesho kutwa asubuhi, kisha usiku tena sababu mwenzake ni mgonjwa ao alikimbia vita na hakurudi. Mwili hauna wakati wa kufuata upande wowote.

Hapa kuna jambo dogo la sayansi ambalo kila msimamizi angepaswa kulijua. Saa ya mwili wa binadamu, ikiachwa peke yake bila jua, inazunguka kwa saa 24 na dakika kama 10 hivi. Ni ndefu kidogo kuliko siku. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema. Ratiba inayokwenda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku kisha kupumzika, inauma kidogo kuliko ile inayorudi nyuma, usiku kisha mchana kisha asubuhi. Kugeuza mpangilio wa karatasi hiyo hakuombe mfadhili. Kunaomba kalamu.

Mzamu, yeye, mara nyingi hapokezane na mtu. Ni usiku wote, juma lote. Kwa saa ya mwili, kukaa upande mmoja kungekuwa hata afazali. Lakini mshahara wa zamu hautoshi nyumba. Saa kumi na mbili asubuhi anavua koti, saa mbili iko shambani na jembe ao kwenye kazi ya kubeba mizigo. Analala saa tatu ao nne kwa vipande vipande. Muuguzi mwanamke naye anarudi nyumbani anakuta maji, watoto na chungu. Kazi ya pili inakula usingizi wa kazi ya kwanza. Tukisema tu «wafanyakazi wa usiku walale mchana», tunasema kitu ambacho maisha ya hapa hayaruhusu.

Na tusisahau: huku kwetu, wengi wasiofanya kazi ya usiku pia hawalale. Miaka hii ya vita, familia nyingi zinalala sikio moja liko nje. Waliokimbia wanalala wengi ndani ya chumba kimoja. Mwili hauulize kama ulikesha juu ya mshahara ao juu ya risasi. Hesabu ni ileile.

Saa kumi ya usiku

Madhara ya sukari na tansio yanakuja pole pole, kwa miaka. Kuna mengine yanayokuja usiku uleule.

Karibu na saa kumi ya usiku joto la mwili linakuwa chini kabisa. Macho yanakuwa mazito, mikono inachelewa, akili inaruka hesabu. Ajali ya nyuklia ya Three Mile Island, Marekani, mwaka wa 1979, ilianza saa kumi ya usiku. Ile ya Tchernobyl, mwaka wa 1986, ilitokea saa saba na dakika 23 ya usiku. Uchovu peke yake haukuzileta, lakini wanaochunguza ajali za kazi wanajua saa hizo vizuri.

Tulete hilo kwetu. Zoni ya afya ya Kirotshe iko pembeni ya ziwa, na kolera inarudi huku mara kwa mara. Mgonjwa wa kolera anaweza kupoteza maji mengi kwa saa chache tu. Anahitaji mtu wa kuangalia seromu, kuibadilisha, kupima mapigo, kumnywesha maji ya chumvi na sukari, usiku kucha. Mtu huyo ni muuguzi aliye peke yake na wagonjwa wengi, saa kumi ya usiku, labda ni gardi yake ya nne mfululizo. Kosa dogo hapo si la uvivu. Ni mwili unaofanya kile ulichoumbwa kufanya saa hiyo. Ndiyo maana ratiba ya wauguzi ni jambo la mgonjwa pia, na la kila familia ambayo siku moja itapeleka mtoto hospitali usiku.

Vilevile kwa motari anayemaliza usiku mzima na bado anabeba watu wawili asubuhi kwenye barabara ya Sake. Na hata kwa sisi wa redio, anayefungua antena mapema sana anajua ginsi ulimi unavyokwama kwenye jina ambalo mchana analisema bila shida.

Hapa si Boston

Lazima tuseme ukweli: sehemu kubwa ya uchunguzi huu ilifanywa kwa watu wa nchi tajiri, wanaokula nyama na sukari kila siku, wanaokwenda kwa gari. Mtu wa Kirotshe anatembea, analima, anabeba. Hatuwezi kuchukua asilimia za wauguzi wa Marekani na kuzibandika hapa kama zilivyo.

Lakini wazo la «sisi ni wembamba, diabeti haitugusi» ni la hatari. Diabeti ya watu wembamba iko, na waganga wa Afrika wanaijua tangu zamani. Mwezi wa 4 wa mwaka wa 2025, kwenye mkutano wao wa Bangkok, Shirikisho la kimataifa la diabeti lilikubali rasmi aina ya 5 ya ugonjwa huo, ile inayofungamana na njaa ao lishe mbaya tangu utoto. Kongosho ambayo haikukomaa vizuri inatoa insulini kidogo. Nani hapa Masisi ao Walikale anaweza kusema watoto wetu hawajui njaa? Kongosho yenye akiba ndogo haihitaji kuongezewa mzigo wa bugali ya saa nane ya usiku.

Nini kinaweza kubadilika

Kwa wasimamizi, mambo manne. La kwanza, ratiba iende mbele, si nyuma, na ijulikane mapema. La pili, gardi za usiku zisifuatane nyingi. Mbili ao tatu, kisha kupumzika. La tatu, kati ya kutoka kazini na kurudi kupite angalau saa 11. La nne, pale watu ni wawili, waachiane dakika 20 za kulala kwa kupokezana, mbele ya saa kumi. Dakika hizo si wizi wa kazi. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka wa 2002 inaweka mwisho wa saa 45 kwa juma. Na mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, wa mwaka wa 1990, unasema mfanyakazi wa usiku awe na haki ya kupimwa afya bila kulipa, na mwanamke mwenye mimba apewe njia nyingine ya kazi. Mwenye duka anayeandika mzamu mmoja kwa usiku 7 kwa juma, saa 12 kila usiku, anafikisha saa 84. Ahesabu mwenyewe.

Kwa mfanyakazi, chakula kikubwa kiliwe mbele ya kazi, jioni. Kati ya saa sita ya usiku na asubuhi, pumzisha sahani: maji, na njaa ikibana, karanga kidogo, yai ao ndizi moja. Mvuvi anayepiga kasia hawezi kukaa tumbo tupu, lakini hata yeye afazali vidogo kuliko sahani moja nzito. Chai yenye sukari nyingi na vinywaji vya nguvu vya chupa vinaongeza mzigo. Kahawa inywewe mwanzoni mwa kazi. Ikinywewa saa kumi, itakufuata mpaka kitandani. Ukirudi kwa miguu, vaa kofia inayokinga macho na jua. Chumbani, kitenge kizito kwenye dirisha na telefone mbali. Na mbele ya gardi ya kwanza, lala saa moja na nusu mchana.

Tahadhari moja: mtu ambaye tayari anatumia dawa za sukari ao insulini asibadilishe saa za kula peke yake. Aongee kwanza na muganga, sababu sukari kushuka ghafla usiku inaweza kuua.

Kisha kupima. Anayekojoa mara nyingi, mwenye kiu isiyoisha, anayekonda bila sababu, ao kidonda chake hakiponi, aende kupima asubuhi mbele ya kula. Sukari ikifika miligramu 126 ao zaidi kwa desilita, mara mbili, hiyo ni diabeti. Tansio ikirudia kuonyesha 140 juu ao 90 chini, isiachwe. Na muganga anayepokea mtu wa namna hiyo amuulize swali ambalo halipo kwenye fishi nyingi: unafanya kazi saa ngapi?

Kwa familia na majirani, jambo moja linabaki, na ni la bure. Wakati mzamu, mvuvi ao muuguzi analala saa tatu ya asubuhi, kwake ni saa tatu ya usiku. Usimwamshe juu ya kumsalimia. Watoto wapeleke mpira upande mwingine. Redio nayo, tunakubali, muipunguze sauti.